Kibarazani kwa Shangazi: Siku Nne za Mwisho, Mlimani na Bandarini

Barua zenu za mwezi huu nimezisomea nyumbani kwangu Kirumba, dirisha wazi, harufu ya dagaa wa Mwaloni ikiingia bila hodi. Likizo ya Juni ikikaribia kila mtu huniuliza njia ya kwenda. Ya kurudi haiulizwi, mpaka mtu akwame stendi ndipo anikumbuke. Safari hii, kwa bahati, wanne wameuliza juu ya mwisho wa safari, nami nimewatanguliza. Yule wa ada ya shule na yule wa wifi asiyerudisha sufuria, nivumilieni hadi mwezi ujao.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Nyegezi hapa Mwanza. Baba watoto amepata likizo ya wiki mbili, tunakwenda Korogwe kwa ndugu zake, kisha Lushoto na Tanga mjini. Siku za mwanzo hazina ugomvi. Tunachovutana ni siku nne za mwisho. Yeye anataka tuanze na bahari, tumalizie milimani, anasema kule kuna baridi na tutapumzika vizuri kabla ya kurudi. Mimi nataka tumalizie baharini. Tena ana orodha yake: Irente, Magamba, Soni, Amboni, Tongoni na Pangani, vyote ndani ya hizo siku nne. Watoto hawajawahi kuona bahari. Mkubwa ana miaka 13, mdogo sita. Tupangeje? *Mama Watatu, Nyegezi*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kumtetea baba watoto, maana najua jarida hili atalishika yeye kabla yako.

Hoja yake ina mashiko. Lushoto iko juu ya Mombo, na Mombo iko kwenye lami ya kuelekea Same, Moshi na Arusha, ambayo ndiyo njia yenu ya nyumbani. Mkimalizia Tanga mtalazimika kurudi tena Segera, Korogwe, Mombo, mpite chini ya milima ileile mliyoiteremka juzi. Kwenye ramani ameshinda. Ila ramani haipandi basi.

Mimi likizo ya namna yake nimeshaifanya. Marehemu mume wangu alikuwa Mbondei wa Muheza, kwa hiyo njia hiyo naijua kama ngazi za nyumbani kwangu. Mwaka 2016 tulianzia Tanga kwa wifi zangu, tukamalizia Lushoto na wajukuu wawili. Siku ya kuondoka tuliamka saa kumi alfajiri, baridi ya kukata masikio, tukajibana kwenye Haisi ya kushuka Mombo. Ni kilomita 33 tu na lami ipo, lakini ni kona juu ya kona, na watoto walikuwa hawajatia kitu tumboni. Hatujafika Soni, wote wawili wameshatapika, mmoja kwenye kanga yangu, mwingine kwenye kofia ya babu yake. Saa kumi na mbili na nusu tuko Mombo kando ya lami, tiketi mkononi. Basi letu lilikuja saa tatu. Likapunguza mwendo, kondakta akachungulia, akatutazama tulivyo na mizigo yetu, akagonga bodi. Likaondoka. Lilikuwa limejaa tangu lilikotoka, na tiketi zetu zilikuwa zimeuzwa mara mbili. Kampuni siitaji, ila nikiliona basi lao hadi leo hugeuza uso.

Tulikaa pale hadi saa nane mchana. Mombo ni joto, jamani, na sisi tulikuwa na masweta mawili mawili. Leo nikiikumbuka likizo ile, bahari siioni, mlima siuoni. Naliona lile benchi, na mjukuu wangu amelala juu ya gunia la kabichi la mtu tusiyemjua.

Basi ndiyo sababu nakuunga mkono wewe. Tanga unapanda basi linapoanzia. Unakwenda ofisini jana yake, unaonyeshwa kiti chako, asubuhi unakikuta. Watoto wameamka mahali pa joto, hakuna kona za kuwachafua tumbo kabla ya chai. Saa tatu au nne mnazoongeza njiani ni bei nafuu ya usingizi huo.

Na ile hoja ya baridi ya kupumzikia, mwambie Juni na Julai Lushoto si baridi ya kupumzikia, ni ya kujikunyata. Sisi wa Mwanza hujiona watu wa bondeni kwa sababu tuna maji mbele ya mlango. Kumbe uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya bahari, na Lushoto mjini ni kama mita 1,400. Kwa kimo mtakuwa mmepanda kidogo tu kuliko mnapolala kila siku Nyegezi! Ila hapa ziwa hutufunika usiku kama blanketi, na kule hakuna wa kuwafunika. Mteremko wenyewe hasa mtauonja mkielekea Tanga: sweta la juu linavuliwa Soni, la ndani linavuliwa Mombo, na mkifika bandarini hata soksi mtaziona adui.

Sasa hizo siku nne.

Ya kwanza iwe ya Irente na si zaidi ya Irente. Kutoka Lushoto mjini ni kama kilomita sita, na huyo wa miaka sita anaweza kuzitembea akipewa ahadi; wa kwetu alitembea kwa ahadi ya mkate na jibini, maana pale shambani Irente hutengenezwa jibini, mikate na jemu. Magamba ni msitu wa kutembelewa na mtu asiye na haraka, uacheni kwa safari nyingine. Soni haihitaji siku yake, maporomoko mtayaona mkipita. Kwenye genge la Irente, pale ukingoni mwa mlima, msifike asubuhi mno, mtakuta ukungu. Sisi tulikaa tukitazama weupe mtupu, kama mtu ametandika shuka mbele ya macho yetu. Mume wangu akaona isiwe tabu, akatoa chungwa akaanza kumenya. Hajalimaliza, shuka likapasuka. Chini kabisa, karibu mita 1,000 kutoka tulipokaa, uwanda wa Mazinde: mkonge umepangwa kwa mistari, barabara kuu kama uzi, na lori moja linatambaa mithili ya sisimizi aliyebeba punje. Tukanyamaza wote. Chungwa lilipokwisha kuliwa, ukungu ulikuwa umeshafunga tena. Hiyo ndiyo Irente yote niliyoiona mwaka ule, na sidai chenji.

Huyo mkubwa wako mwambie kitu kimoja kuhusu ule mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Mashamba yote atakayoyaona, kutoka Mazinde hadi Muheza, asili yake ni ile 62. Muache achezee hesabu hiyo ndani ya basi, mtapata utulivu hadi Korogwe.

Siku ya pili mshuke baada ya chai, mkiwa mmeshiba kidogo, na ndimu iliyokatwa iwe mkononi kwa wa kichefuchefu. Alasiri mko Tanga. Jioni hiyo msiwapeleke watoto popote zaidi ya Ngamiani, barabara zile za namba, wale chapati na mishikaki, nyinyi wakubwa mnywe kahawa chungu na kashata. Baiskeli za Tanga zitawapita kimyakimya hadi mdogo aanze kuzihesabu.

Ya tatu ni ya bahari, na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wa ziwa tunapoumbuka. Ziwa letu unaliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga kunakuwa na bamvua, maji yanapanda na kushuka kama mita tatu hadi nne. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti inapungua. Kwa hiyo usiulize, "Ufuo uko wapi?" Uliza, "Maji yanajaa saa ngapi?" Mvuvi yeyote atakujibu, tena bila kutazama saa.

Sisi mwaka wa kwanza hatukuuliza. Tuliwachukua wajukuu upande wa Raskazone jioni, wakaona maji yamejaa hadi ukutani, wakapiga kelele, tukawaahidi kuoga kesho asubuhi. Asubuhi tukafika na taulo mabegani. Maji hayapo. Ni tope, majani ya bahari, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni, na ngalawa mbili zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Mdogo akasimama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akanishika kanga: "Bibi, nani kalichota ziwa?"

Mvuvi mmoja aliyekuwa anatengeneza nyavu alicheka hadi akaweka sindano chini. Akamwita, akamwonyesha alama ya maji kwenye jiwe, akamwambia subiri, atalirudisha mwenyewe. Yule mtoto alikaa pale karibu saa mbili akilinda lile jiwe, akitupigia kelele kila maji yalipopanda kidole. Kuoga akaoga mchana, na maji ya kwanza kuingia mdomoni aliyatema akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetia chumvi. Wavalisheni yeboyebo, miamba ya kule ina ncha. Na mwezi huo kusi huwa linavuma, mawimbi yana nguvu, mdogo asiachwe mkono.

Amboni mnaweza kuiweka siku hiyohiyo, wakati maji yamekupwa. Ni kama kilomita nane kaskazini ya mji, mapango ya mawe ya chokaa, mna mwongozaji na giza la kweli. Mtaambiwa iko njia inayotokea Mombasa. Sikilizeni, mcheke, msiitafute. Tongoni na Pangani zifuteni kwenye orodha. Baba watoto atanuna hadi magharibi, kisha ataletewa pweza wa kukaanga na kunyamaza.

Na ya nne? Ya nne msipange kitu. Siyo mzaha. Hiyo ndiyo siku mnayoipigania bila kujua. Watoto watataka kurudi walipopapenda, na hamtajua ni wapi hadi wataje wenyewe. Mara nyingi si mahali ulipolipia kiingilio. Wajukuu zangu walitaka kurudi bandarini kutazama winchi. Tukakaa chini ya mti masaa mawili tukitazama winchi. Wanatoka Mwanza, meli wameziona tangu wakiwa mgongoni, MV Victoria ikielekea Bukoba wanaijua kwa mlio wake. Lakini hiyo ya Tanga, waliuliza, ikitoka hapo inafika wapi? Babu yao akawaambia popote. Walilichukua neno hilo wakalala nalo.

Huyo wa miaka 13, akianza kuboreka, simulieni ya nyuki. Novemba 1914 jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, liliteremka Tanga likiwa na watu kama 8,000. Wajerumani na askari wao Waafrika hawakufika hata robo ya hao. Waliokuja ndio walioshindwa, na katikati ya mapigano nyuki wakachokozwa mizingani wakawafukuza watu vichakani. Mwanao ataisimulia shuleni Julai yote.

Mchana wa siku hiyo ya nne wewe suuza nguo za kuogea kwa maji baridi ya bomba, maana zikifungwa na chumvi yake begi zima litanuka hadi Singida. Mwenzio aende akahakikishe viti. Nazi nunua kumi, bei ya Mwanza unaijua. Wenyeji wana msemo, "Tanga, waja leo, waondoka leo." Nyinyi mwende mkaondoke kesho.

SWALI: Shangazi shikamoo. Kijana wa Igoma hapa. Nakwenda Tanga kujitambulisha ukweni, na nitakaa siku tano. Rafiki zangu wanasema nibebe kayabo na sato wa kubanika, maana Mwanza ni samaki. Je, nitoe zawadi siku ya kufika au ya kuondoka? *Mkwe Mtarajiwa*

JIBU: Marahaba, baba. Kayabo ndani ya basi, siku mbili, chini ya kiti cha mtu? Utafika ukweni umeshagombana na abiria 50. Na unapeleka samaki kwa watu wa nguru, changu na jodari. Ni kama mtu wa Tanga akuletee chumvi Uvinza. Beba michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vyetu vilivyokaushwa. Haviozi, havinuki, na watu wa pwani wengi hawavijui, kwa hiyo mama mkwe atakuuliza vinapikwaje, na hapo tayari mna mazungumzo. Weka na dagaa wakavu, ila wafunge mara tatu. Vyote vitoe siku ya kufika. Siku ya kuondoka wewe ndiye wa kupewa. Usikatae, hata wakikupa gunia la malimao.

SWALI: Hujambo Shangazi. Mimi ni mwalimu, natokea Soni. Mimi na mume wangu tunafanya kinyume cha wengi: tumezaliwa mlimani, tunakuja kumalizia likizo kwenye bandari yenu. Tutabakiwa na siku mbili kamili Mwanza. Tuone nini bila kukimbizana? *Mwalimu, Soni*

JIBU: Sijambo mwalimu, na karibuni sana. Mwangaluka ndiyo salamu yetu ya asubuhi, ianzeni kuizoea ndani ya basi.

Milima yenu ina udongo na migomba, yetu ni mawe matupu yamepandana, na watu wamejenga juu yake kana kwamba yamefungwa kwa misumari. Siku ya kwanza jioni nendeni Jiwe la Bismarck, pale kando ya Kamanga, saa kumi na moja na nusu, jua likiwa limeanza kushuka. Picha itajipiga yenyewe. Kisha pandeni kivuko cha Kamanga kwenda ng'ambo na kurudi, bila sababu. Kwa miaka 22 nilikata tiketi za vivuko na meli mji huu, na abiria niliowaonea wivu ni hao wa kwenda na kurudi bila sababu. Mkiwa katikati ya maji geukeni mtazame mji nyuma yenu: hapo ndipo mtakapoelewa kwa nini tunauita Mji wa Miamba.

Siku ya pili chagueni moja kati ya Bujora na Saa Nane. Bujora iko Kisesa, barabara ya kwenda Musoma, makumbusho ya Wasukuma, ngoma za kifalme na nyumba ya mtemi iliyojengwa kwa mfano wa kiti chake. Saa Nane ni kisiwa hapohapo mjini, hifadhi ya taifa tangu 2013 na ndogo kuliko zote nchini, unavuka kwa boti dakika chache ukawakute pimbi wanaota jua. Mwalimu, kama mngenitia kisu shingoni nichague, ningesema Bujora. Mume wako huenda akasema Saa Nane. Mkigombana, nendeni mkavuke daraja la Kigongo hadi Busisi, lile lililofunguliwa 19 Juni 2025. Ni kilomita tatu juu ya maji, na sisi tuliokuwa tukisubiri pantoni pale hadi usiku hulivuka tukiwa tumenyamaza.

Ukerewe msiende. Nansio ni saa tatu na zaidi kwenda tu, na ziwa likichafuka huna la kufanya ila kulala. Siku ya mwisho si ya kuwekea kisiwa. Na msioge kwenye mwambao wenye majani, kuna kichocho; kama mtajisahau mkaingia, mkapime wiki sita hadi nane baadaye, kabla ya hapo kipimo kinaweza kisione kitu. Samaki kuleni sato wa kuchemsha, mwenye kichwa. Sangara ni mzuri, lakini nyama yake ni ya mgeni mwenzenu. Aliletwa ziwani karne iliyopita.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naandika kwa ajili ya baba yangu. Alizaliwa Bumbuli, Usambara, akaja Mwanza kijana kufanya kazi kwenye kinu cha pamba, akaoa, akabaki. Sasa ana miaka 78. Kila baada ya miaka michache tunampeleka kwao, halafu tunamshusha Tanga siku mbili kwa sababu anapenda kukaa kando ya bandari. Shida yangu ni siku ya kuondoka. Mara ya mwisho alikaa kitandani akasema haondoki. Tulimbembeleza, tukamdanganya kuwa tutarudi baada ya mwezi, akajua tunamdanganya. Njia nzima hakusema. Mwaka huu ameomba tena. Magoti yanamsumbua na daktari amekubali asafiri. Nifanyeje siku zile za mwisho? *Binti wa Nyakato*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena.

La kwanza, usimdanganye. Mtu wa miaka 78 anajua hesabu za safari kuliko wewe. Mwambie siku mliyokata tiketi, mwambie akiwa bado Bumbuli, tena mbele ya ndugu zake, ili asije akaisikia kutoka kwako peke yako kitandani. Mume wangu miaka yake ya mwisho alikuwa hivyohivyo kwa Muheza. Nilidhani anagomea basi. Kumbe alikuwa hajaaga. Sisi watoto na wake tulikuwa tunafunga mizigo kwa kasi, tunamsalimia huyu na yule kwa niaba yake, tunamweka garini kama kifurushi. Hakuna aliyemuuliza anataka kumuaga nani.

Kwa hiyo siku ya mwisho Bumbuli muachie yeye, na wewe ukae pembeni. Atataka kwenda makaburini. Magoti yakikataa, mtafuteni bodaboda mzee, mtaratibu, si hawa vijana. Atataka kukaa na mtu ambaye hamkumjua. Wakikaa kimya, msiwaletee soda. Akitaka kubeba mche wa mgomba au udongo kwenye kopo, ubebeni, msimuulize utaota wapi Nyakato.

Tanga iwe siku mbili kweli, isiwe moja na nusu. Mtafutieni chumba cha chini, ngazi za kule kwenye nyumba za zamani ni kali. Asubuhi na jioni mkalisheni anapopapenda kando ya bandari, mumpe kahawa, mumuachie simu yenye chaji, mwende zenu kidogo. Umeandika kuwa anapenda kukaa pale na hukuandika kwa nini. Pengine hajawahi kuulizwa. Muulize siku ya pili, ya kwanza muache apumzike. Na akikwambia, usimkatize kumkumbusha dawa.

Usiku wa mwisho mizigo ifungwe mapema, taa izimwe mapema. Asubuhi mumpe uji, sweta lake liwe juu ya begi na si ndani. Msimsindikize kwa kundi stendi. Kuagana kwa kundi humchosha mzee. Njia ni ndefu mno kwa magoti yake, kwa hiyo lalieni Arusha, hata kama pesa itauma.

Na tiketi ukate mwenyewe, dirishani, upande wa kulia, nyuma ya dereva. Kutoka Tanga mkifika Muheza ataanza kuiona Usambara ya mashariki upande huohuo. Korogwe hadi Mombo na kuendelea, milima ya kwao itakuwa inatembea naye, baada ya hapo Upare hadi mbele ya Same, na mawingu yakiruhusu atauona na Kilimanjaro kabla ya Moshi, wote kulia. Jua la asubuhi litampiga usoni. Abiria wa nyuma watakwambia ufunge pazia. Usifunge.